Sekunde Sita za Ukungu

Mkuu alikuwa anacheza. Huwezi kuita vingine. Mzee wa miaka sitini na tatu, tai shingoni, anaizunguka meza ya mikutano huku anapiga makofi juu ya kichwa chake mwenyewe, na wahandisi kumi na wawili wanamcheka na kumshangilia kwa pamoja. Ukutani palibandikwa karatasi ndefu yenye mstari mmoja mwekundu uliopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ndio ulikuwa mgandamizo wa hewa ya Ukungu, tangu mwavuli wa chombo ulipofunguka hadi chombo kilipogusa ardhi, dakika arobaini na moja.

Ukungu si jina la vitabuni. Ni mwezi wa mbali uliojifunika hewa nzito isiyopenyeka kwa jicho, na watu wa taasisi ile waliupa jina la utani kwa kuwa waliutaja mara arobaini kwa siku na jina la kitaalamu liliwachosha ulimi. Chombo chao kilisafiri miaka sita kuufikia. Usione vyaelea, vimeundwa: ndani yake kulikuwa na kikopo cha chuma, ukubwa wa kiberiti, ambacho kazi yake ilikuwa moja tu, kuhisi hewa inavyozidi kukandamiza kadiri chombo kinavyoshuka. Kikopo hicho kilikuwa cha mwanamke aliyesimama karibu na mlango, mikono kifuani, ambaye ofisi nzima ilimwita Bibi Vipimo. Alikibuni, akakijaribu kwenye joto na kwenye baridi, akakikosea, akakirudia. Mapacha wake walijifunza kusoma wakati yeye anajifunza tabia za kikopo, na mpaka leo hajui ni lini hasa walijua herufi zote.

"Tabaka la hewa!" Mkuu alisimama mbele ya karatasi, anahema, akagusa kwa kidole mahali ambapo mstari ulilala kidogo kabla ya kuendelea kupanda. "Dakika ya kumi na tisa. Sekunde sita mgandamizo haupandi! Kitu gani hiki? Upepo, jamani! Upepo unaotoka chini, umekibeba chombo kama mama abebavyo mtoto, kikaning'inia. Hakuna aliyetabiri hili. Alhamisi wageni wakija, saa nne kamili, tunalipa tabaka hili jina. Bibi Vipimo, mbona umejificha mlangoni? Njoo upigiwe makofi!"

Alienda, akapigiwa, akatabasamu. Mtu anayepigiwa makofi afanye nini tena? Lakini ngazi ile ndogo ya sekunde sita hakuiona leo kwa mara ya kwanza.

Aliporudi chumbani kwake alifunga mlango, akavuta daftari la majaribio kutoka rafuni. Miezi minane nyuma, kabla chombo hakijafika, taasisi nzima ilifanya mazoezi ya siku ya mshuko. Ili mazoezi yafanane na kweli, Bibi Vipimo aliweka kikopo cha akiba, ndugu wa kile kilichosafiri, ndani ya tangi lililonyonywa hewa, halafu akawa anafungua koki polepole kwa mkono ili hewa iingie kidogo kidogo kwa muda wa dakika arobaini na moja. Kazi ya kuchosha bega. Na yeye ni mtu wa kuandika kila kitu, hata chafya. Aliutafuta ukurasa, akaupata.

*Dakika 19, sekunde 12 hadi 18: simu ya wifi. Mkono umesimama.*

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kukaa nao baada ya kustaafu ukunga, na siku ile alipiga simu kuuliza ufunguo wa stoo umewekwa wapi. Bibi Vipimo alibana simu kwa bega, akasema "juu ya friji," akaendelea kufungua koki. Sekunde sita. Na sasa ufunguo wa stoo umegeuka upepo wa Ukungu, na wageni wanakuja kuupa jina.

Alicheka peke yake, kicheko kibaya, kisha akaacha.

Kwa sababu kosa la namna hii lina mikono. Namba za mazoezi hazina miguu ya kutembea zenyewe hadi kwenye faili la siku yenyewe, zikavaa tarehe mpya na saa mpya. Mtu alizivisha. Alianza kumfikiria mchora grafu, kijana mmoja mwembamba waliyemwita Kalamu, ambaye aliwahi kuchora joto la chombo juu chini na akabishana siku nzima kwamba hakukosea. Akamfuata mezani kwake.

"Kalamu, faili la mgandamizo ulilipata wapi?"

"Kwa mumeo, mama. Si kila kitu kinatoka kwake?"

"Kwenye mtandao?"

"Hapana. Mafaili ya wengine yote yalikuja kwenye mtandao. Lako alinipa kwa flashi, mkononi." Kalamu akakuna shingo. "Nikasema labda kwa heshima yako. Ila mama, mimi kuna kitu kinanisumbua. Hiyo dakika ya kumi na tisa, watu wa joto hawaoni kitu. Watu wa mtikisiko nao hawaoni kitu. Chombo kibebwe na upepo halafu kisitikisike?"

"Umemwambia Mkuu?"

"Mama, Mkuu alikuwa anacheza."

Basi ikawa mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mumewe ndiye aliyesimamia chumba cha mapokezi, palipoingia kila kilichotumwa na chombo: kwanza kwa chombo mama kilichobaki kikizunguka juu, halafu kwa dishi kubwa la nyuma ya jengo, halafu kwake, naye akagawia kila kitengo chake. Kazini walimwita Mawimbi. Nyumbani alikuwa Baba Mapacha, mtu mtaratibu, mwenye kuchelewa kukasirika na kuchelewa kula, na katika miaka kumi na saba ya ndoa mkewe hakuwahi kumshika na uongo mkubwa kuliko ule wa "niko njiani."

Jioni ile Bibi Vipimo alikaa mezani akamtazama kama mtu anavyotazama kipimo kilichoanza kuyumba. Kila alichofanya mumewe kilikuwa ushahidi. Alimpakulia yeye kwanza. Akamwuliza kama mgongo unauma. Alipomaliza kula aliondoa vyombo, na jikoni maji yakasikika.

"Wifi," dada mtu aliinama akanong'ona, macho yamemtoka, "kaka yangu anaosha vyombo. Amefanya nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Marehemu mume wangu alipoanza kuosha vyombo, kumbe ameuza pikipiki. Mchunguze."

Bibi Vipimo hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi ya Jumatano alikuta shati lake limepigwa pasi, na pasi yenyewe bado ina joto. Akalivaa kwa kinyongo. Ndani ya gari mumewe hakuwasha redio. Alisema mara mbili, bila kuulizwa, kwamba ile grafu imependeza. Mara ya pili alijifanya anakohoa, na mkewe akageuka kutazama dirishani ili asimpe nafasi ya kuona kwamba ameona.

Sababu nayo alikuwa ameshaipata. Alhamisi ile ile, mbele ya wageni, Mkuu angetangaza naibu wake, na kila mtu alijua kwamba mshuko ukifana atakuwa Mawimbi. Mshuko umefana! Tabaka jipya! Kwa hiyo ameziba mahali fulani palipoharibika, akaziba kwa jasho la mkewe, bila hata kumwambia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alijisikia ameibiwa na mtu anayejua mlango wa nyuma kwa kuwa aliujenga yeye. Na namba za kweli ziko wapi? Lazima zipo. Kikopo kilikuwa kizima. Safarini kilikaguliwa mara tano kwa orodha ya ukaguzi, kikaitika mara tano. Hewa ya Ukungu kimeipima, na huyu bwana ameificha. Akazidi kuwaza hivyo hadi ikawa haoni tena mume, anaona mwizi mwenye shati safi.

Alhamisi saa mbili asubuhi, wakati wafagizi wanapanga viti vya wageni ukumbini, aliingia chumba cha kumbukumbu. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha, kabati za chuma pande zote, na harufu ya wino wa mashine. Sheria ya taasisi ilikuwa kwamba kila kilichoingia na kila kilichotoka kiwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi, kwa sababu Mkuu hakuamini kitu kinachokufa umeme ukikatika. Akafungua rejesta ya mapokezi. Akashuka kwa kidole hadi kwenye mstari wa kikopo chake.

Sufuri. Dakika ya kwanza sufuri, dakika ya pili sufuri, na kuendelea, ukurasa baada ya ukurasa, dakika arobaini na moja. Joto lilikuja. Mtikisiko ulikuja. Kikopo hakikusema neno.

Aliishikilia rejesta kwa hasira. Sufuri maana yake waliharibu wao, mapokezi. Sasa alitaka kitu kimoja tu cha kumfunga nacho: orodha ya amri, ile iliyopakiwa ndani ya chombo kabla hakijaachana na chombo mama. Humo mna mistari mia mbili na kumi na miwili, na kila kitengo kiliandika yake. Pale ataonyesha kwamba kikopo kiliamriwa kuwaka saa fulani na sekunde fulani, kwa hiyo kiliwaka, kwa hiyo namba zilitoka, kwa hiyo zimepotelea mikononi mwa Mawimbi. Akaitoa, akafungua sehemu yake. Mistari minane, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Pasha joto boksi. Subiri sekunde tisini. Fungua tundu la hewa. Anza kuandika. Andika kila nusu sekunde...

Akairudia. Akairudia tena kwa kidole. Akatafuta kwenye ukurasa wa nyuma, akatafuta sakafuni, kana kwamba mstari unaweza kudondoka kwenye karatasi.

Hakuna mahali palipoandikwa *Washa*.

Kwenye mazoezi hakuna aliyegundua, na hapo hapo alielewa kwa nini. Kile kikopo cha akiba kwenye tangi kilikuwa kimechomekwa kwenye umeme wa ukutani. Kilikuwa kinawaka tangu asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Na safarini orodha ya ukaguzi ilikuwa na amri yake ya kuwasha; yeye hakuna siku aliyowahi kuiandika, kwa hiyo mkono wake ulisahau kwamba huwa kinawashwa. Nyani haoni kundule. Siku mbili alikuwa anamfukuzia mtu mwingine.

Chini ya ukurasa palikuwa na sahihi mbili, kama sheria inavyotaka. *Mwandishi*: yake. *Msomaji*: ya mumewe. Mtu aliyeandika amri hakuruhusiwa kuisoma mwenyewe. Lazima mwingine aisome kwa sauti, neno kwa neno, ndipo atie sahihi. Karatasi ilikuwa na doa la mafuta pembeni. Alilikumbuka. Waliisaini nyumbani, mezani, na yeye ndiye aliyesema, "Tia sahihi hapo baba, chakula kinapoa."

"Nilijua utakuja huku."

Mumewe alisimama mlangoni. Hakuwa na koti, na macho yalikuwa mekundu.

"Sufuri hizi umezijua lini?" mkewe aliuliza.

"Saa ile ile zilipoingia. Nikasema kosa letu. Nikakagua dishi, nikakagua chombo mama, sikupata kitu. Ndipo nikafungua hiyo." Akaitazama karatasi mikononi mwa mkewe. "Watu ukumbini walikuwa wanaimba. Mkuu ananigongea mlango, ya mgandamizo iko wapi, ya mgandamizo iko wapi. Nikakuona kwenye kioo, umesimama nje, umeshika kikombe, unasubiri. Nikashindwa, Mama Mapacha."

"Ukanipa uongo."

"Nilikupa kitu. Ungekufa."

"Ningelia!" Sauti yake iligonga kabati za chuma. "Kulia si kufa! Ningelia wiki nzima, ningekulaani wewe na kikopo, halafu ningeamka. Sasa nimepigiwa makofi kwa simu ya dada yako!"

"Simu gani?"

Hakujua. Mkewe alimweleza, na Mawimbi akaketi polepole juu ya boksi la karatasi, akafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda mkewe hakuweza kutambua kama anacheka au analia. Nadhani hata mwenyewe hakujua.

"Nilidhani ngazi ile ni kuyumba kwa kawaida kwa kipimo," alisema mwishowe. "Ningejua ningeilainisha."

"Ndio uzuri wa kutojua kazi ya watu."

"Sikiliza." Alishusha mikono. "Watu wa joto na watu wa mtikisiko wana namba zao za kweli. Kutokana na hizo unaweza kukokotoa mgandamizo, kwa makadirio. Miezi mitatu, minne. Ukikokotoa, toa hesabu mpya kimya kimya, hili tabaka litajifia lenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Anapita leo saa nne, mbele ya wageni, na jina anapewa."

"Basi nenda useme. Lakini ujue utakachosema. Miaka kumi na moja ya kazi yako, wewe mwenyewe unasimama kusema kikopo kilikwenda safari ya miaka sita na hakikuwashwa."

Hapo ndipo alipotamani kubaki na mwizi wake. Mwizi alikuwa mtu rahisi kumchukia kuliko huyu aliyeketi juu ya boksi. Alisimama kidogo, akapiga moyo konde, akachukua orodha na rejesta na daftari lake la majaribio, akatoka. Nyuma yake alisikia hatua za mumewe zikifuata, si karibu sana.

Mkuu alikuwa anafunga tai mbele ya kioo kidogo. Aliposikia maneno ya kwanza aliendelea kuifunga. Aliposikia ya pili aliifungua. Alipomaliza kusikia alikuwa ameketi, tai mkononi kama mtu aliyevuliwa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Bibi Vipimo alimtazama. Siku mbili za kushuku watu zilikuwa zimemfundisha kusikia kilicho chini ya swali, na swali hili lilikuwa na milango miwili. Angeweza kuwa anauliza ili aseme, au anauliza ili afiche.

"Kalamu anahisi. Kesho watahisi wote," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Mkuu. Na kombe hili siwezi kulifunika, maana namba ni zangu."

Mzee aliikunja tai, akaikunjua. Kutoka ukumbini viti vilisikika vikiburuzwa. Alizeeka pale pale kitini. Aibu ya kucheza kwake ilimpanda usoni ikashuka.

"Nimecheza kama mwendawazimu," alisema. Halafu akasukuma karatasi nyeupe mezani. "Andika taarifa. Kilichosahaulika, nani alisahau, namba zilitoka wapi, nani aliziweka. Wewe uandike, mtu mwingine asome. Nitaisimamia mimi mbele yao. Nusu saa." Akainuka, akampita Mawimbi mlangoni bila kumtazama, akafunga mlango.

Wakabaki wawili. Bibi Vipimo alivuta kiti, akaandika. Aliandika kwamba mstari wa kuwasha haukuwekwa, na kwamba yeye ndiye hakuuweka. Aliandika kuhusu umeme wa ukutani, kuhusu tangi, kuhusu koki, kuhusu simu. Aliandika kwamba mgandamizo wa hewa ya Ukungu haujapimwa na haujulikani, na neno hilo la mwisho lilimuuma hadi kwenye meno. Alipofika kwenye nani aliyeziweka namba za mazoezi ndani ya faili, kalamu ilisimama. Mumewe naibu hatakuwa tena. Huenda hata mapokezi hatarudi. Alikuwa amemwinda siku mbili kwa ajili ya mstari huu mmoja, na sasa anao, hauandikiki. Akaandika: *Namba za mazoezi ziliingizwa kimakosa kwenye faili la mshuko.* Akatia nukta. Akatia sahihi.

"Soma," akasema, akamsukumia, akageukia ukutani.

Mumewe aliivuta. Hakutia sahihi. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, kama mtoto anayeonyeshwa herufi, bila kuruka hata nukta. Alisoma kosa la mkewe lote. Alisoma koki. Alisoma simu ya dada yake. Alifika mwisho, akarudi juu mistari minne, akasoma tena.

"Hapa pana mstari haupo," alisema.

"Haupo. Tia sahihi."

"Mama Mapacha." Alinyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Hakutaka kuitoa. Aliishika hadi vidole vikamuuma, naye mumewe akangoja, kwa ule utaratibu wake wa miaka yote, mpaka akaiachia. Akaandika mstari mmoja, jina lake lote na alichokifanya, akatia sahihi chini, kisha akaigeuza karatasi ielekee upande wake.

"Huu nimeuandika mimi," alisema. "Kwa hiyo wewe ndiye msomaji."

Mkewe akausoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina alisimama, akarudi mwanzo wa mstari na kuusoma wote.